Barua Pepe Ofisini (3): Barua Zikae Wapi?

Wiki iliyopita tulifuatana na barua pepe kutoka seva hadi seva. Leo tunaingia ndani ya kompyuta inakofikia, maana huko ndiko watu wengi wanakohangaika.

Chukua ofisi ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Masama. Ina kompyuta moja, simu ya katibu, na bando la kupimiana. Barua zinaingia kutoka Bodi ya Kahawa mjini Moshi, kutoka halmashauri ya Hai pale Bomang'ombe, pengine na kwa mnunuzi wa Ujerumani anayeulizia sampuli. Masika yakishika, mtandao hulegea, na kuna siku haupatikani kabisa. Ofisi ya namna hii inafaa kuwa na programu inayotunza barua ndani ya kompyuta, kama Thunderbird au Outlook ya zamani, badala ya kuzifungulia kwenye kivinjari kila mara. Katibu atausoma mkataba wa mwaka juzi bila kugusa bando, na majibu atakayoyaandika leo yatasubiri hapo hapo mpaka mtandao urudi.

Lakini ukiifungua programu hiyo mara ya kwanza, unakutana na uamuzi mzito uliofichwa nyuma ya herufi chache: POP au IMAP. Mara nyingi fundi hubofya haraka na kuondoka. Katibu hajui kwamba hapo imeamuliwa nani atakuwa mlinzi wa kumbukumbu za chama.

POP ilibuniwa mwaka 1984, na toleo lake la tatu, linalotumika hadi leo, likafuata mwaka 1988. Kwa kawaida yake huzichukua barua kwenye seva, huziweka kwenye kompyuta, kisha huzifuta kule zilikotoka. Kwa zama zake ilikuwa busara. Hata kwetu Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua za mtandao wa FidoNet zilikusanywa kwanza kwenye kompyuta, kisha modemu ikapiga simu na kuzituma kwa mkupuo. Nani angemudu kukaa hewani mchana kutwa? Gharama ya POP inaonekana diski inapokufa. Barua zote zimekwenda nayo, na kule kwenye seva hakuna kitu.

IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva, na kompyuta na simu zikaona kitu kimoja. Hapo katibu anasoma njiani na mhasibu anasoma ofisini. Ila mmoja akifuta kwa kidole kilichoteleza, imefutika kwa wote. Tena Thunderbird, ukiiunganishia akaunti yenye barua za miaka kumi, huanza kuzishusha zote ili zisomeke bila mtandao. Nia ni njema, lakini bando la wiki linaweza kuisha kabla ya chai ya saa nne, na hakuna aliyeulizwa kama anataka.

Kero nyingine haionekani kwa macho. Kwa kawaida Thunderbird hutunza kila folda kama faili moja refu, barua moja ikifuatwa na nyingine. Ukifuta barua, haiondoki papo hapo. Inawekewa alama tu, na nafasi yake inabaki imekaliwa mpaka folda ibanwe. Watengenezaji walikuwa na sababu: kuliandika upya faili zima kila barua inapofutwa kungeichosha mashine. Mtumiaji yeye anaona amefuta mamia ya picha za miche na diski bado imejaa. Kisha linatokea dirisha kumuuliza kama anataka kubana, naye anaogopa, anakataa. Nadhani ana haki ya kuogopa, kwa kuwa hajaelezwa kinachobanwa ni nini.

Viambatisho navyo vina siri yao. Faili likisafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi, na kila baiti 3 huwa herufi 4. Kwa hiyo faili la megabaiti 20 hukaribia 27 njiani, na seva yenye kikomo cha 25 hulikataa.

Halafu kuna mabadiliko ya sura. Julai 2023 Thunderbird ilitoa toleo la 115, lililoitwa Supernova, na vitufe vikahama. Microsoft nayo iliacha kuihudumia programu ya barua iliyokuja na Windows ilipofika tarehe 31 Desemba 2024, ikiwaelekeza watu kwenye Outlook mpya, ambayo hupitisha hata barua za akaunti za makampuni mengine kwenye seva zake. Nakubali kwamba programu kama Thunderbird, iliyotoka mwaka 2004, haiwezi kubaki na mifupa ile ile. Lakini mzee aliyejifunza kwa shida kitufe kilipo ameshalipa ada yake, na kumfundisha upya kunakula saa za kazi ambazo mtengenezaji hazihesabu.

Ushauri wangu kwa ofisi za huku ni kutumia IMAP, kuzuia ushushaji wa barua kongwe kabla haujaanza, na kunakili barua zilizoshushwa kwenye diski ya nje kila mwezi. Wiki ijayo nitaonyesha hatua za kunakili, na kwa nini programu lazima ifungwe kwanza.