Kichezeo cha Mti kwa Mtoto Mchanga

Mtoto azaliwapo, jamaa na majirani huja kumtazama, na ni desturi njema kwamba hawaji mikono mitupu. Mmoja huleta kuku, mwingine sabuni, mwingine kanga ya kumbebea. Kijana aliyejifunza useremala aweza kuleta kitu alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe. Si lazima kiwe kikubwa. Kitanda cha mtoto hutaka mbao nyingi na fedha nyingi, na mama wengi humlaza mwana ubavuni pao na kumbeba mgongoni, hata kitanda kile kikageuka kuwa mahali pa kuwekea nguo. Kichezeo kidogo cha kushikwa mkononi chafaa zaidi.

Lakini kazi hii, ijapokuwa ndogo, hutaka uangalifu kuliko kazi ya meza au kiti. Mtoto apatapo miezi minne hivi, kila akishikacho hukitia kinywani; ndiyo njia yake ya kukijua. Koo lake ni jembamba, tena hawezi kusema kwamba amekwamwa. Kipande cha mti kilichong'oka chaweza kuziba njia ya pumzi, naye akafa kabla ya watu kutambua ana nini. Kwa hiyo kichezeo chema ni kile kisicho na kitu cha kung'oka: hakina msumari, hakina gundi, hakina ushanga wala punje zilizotiwa ndani ili zilie.

Iko namna moja ya kutimiza jambo hili, nayo ni kichezeo cha pete. Ni mpini mfupi wenye vichwa viwili, kimoja kila upande, na katikati zipo pete mbili zinazocheza na kugongana. Mtu akikitazama hushangaa: pete hizi ziliingiaje, nazo tundu zake ni ndogo kuliko vichwa? Hazikuingia. Zilikuwamo ndani ya mti tangu mwanzo, na fundi amezifungua tu.

Kwanza ni kuchagua mti. Mpera ni mzuri: ni mgumu, una nyuzi laini zilizoshikamana, nao hupatikana karibu na nyumba nyingi. Mchungwa pia wafaa. Mnyaa usiguswe kabisa, maana utomvu wake huunguza macho. Mwembe na mkorosho ni miti ya jamaa moja, na utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine. Haifai kutiwa kinywani. Mpingo husifiwa kwa weusi na uzito wake, lakini ni mzito hata huzama majini, na mtoto akijipiga nao usoni ataumia.

Gogo bichi halichongwi. Mti ukaukapo husinyaa, nao husinyaa zaidi kwa unene kuliko kwa urefu. Tena gogo zima huweza kupasuka. Basi fundi hulipasua gogo, akaacha kiini, akachukua kipande cha ubavuni, akakipaka nta katika ncha zake mbili ili maji yasitoke upesi huko, akakiweka kivulini miezi kadhaa. Mwenye busara hukata mti mama angali mjamzito.

Kipande kikisha kukauka, hukatwa urefu wa sentimita 13, kikachongwa mviringo hata kiwe na upana wa sentimita 5 na nusu. Kipimo hicho cha upana kisipunguzwe, kwa maana kichwa chembamba chaweza kufika kooni. Kisha hupigwa mistari kwa kalamu ya risasi kuzunguka mti: sentimita 2 za kichwa kila upande, na katikati sehemu mbili za sentimita 1 kwa ajili ya pete. Mahali pengine pote huchongwa kwa kisu na patasi mpaka ubaki mpini mwembamba wa sentimita 1 na nusu.

Sasa pete zimesimama kama magurudumu mawili, bado zimeshikana na mpini. Hapa ndipo wengi huharibu kazi kwa haraka. Fundi huchukua patasi nyembamba iliyonolewa vizuri, akachimba kidogo upande mmoja wa gurudumu, karibu na mpini, kisha upande wa pili, akirudia hivyo mpaka matundu yakutane. Ghafula pete hulegea ikaanza kucheza. Nyuzi za mti hufuata urefu wa mpini, kwa hiyo ndani ya pete ni fupi sana. Pete iliyofanywa nyembamba kwa kutaka uzuri itavunjika.

Baada ya hayo ni kulainisha. Wazee walitumia majani ya msasa, ambayo hukwaruza kama ulimi wa paka, na karatasi iuzwayo madukani ina jina lilo hilo. Kikisha kuwa laini, hulowanishwa kwa maji. Kikikauka, nyuzi zitasimama, nacho kitakwaruza tena. Hulainishwa mara ya pili na ya tatu, hata maji yasiweze kuamsha kitu, kwa kuwa mate ya mtoto yatafanya kazi ile ile kila siku.

Rangi haina lazima. Rangi nyingine zina risasi, na risasi ikiingia katika mwili wa mtoto huharibu ubongo, wala hakuna dawa ya kuurudisha. Hata rangi ya viatu, ambayo wachongaji wengine huipaka vinyago ili vionekane kama mpingo, isipakwe hapa. Nta ya nyuki iliyopashwa moto pamoja na mafuta ya nazi kidogo yatosha. Kamba nayo isifungwe, isije ikamzunguka mtoto shingoni.

Kabla ya kukitoa, fundi hukiangusha juu ya sakafu ya mawe mara kumi kutoka kimo cha kifua chake. Pete ikiwa na ufa, na ivunjike mbele yake. Kikisalimika, mama na aambiwe akifute kwa kitambaa kibichi tu, asikichemshe wala kukiloweka, na akitazame mara kwa mara. Siku aonapo ufa, akitie jikoni pamoja na kuni.