Dawa ya ng'ombe si shampuu ya paka

Kwa wafugaji wa Ngara na Biharamulo, dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe si kitu kigeni. Sasa paka wa nyumbani anapojikuna mpaka manyoya yananyonyoka, wazo linakuja haraka: si tumpake na yeye kidogo? Usijaribu.

Baadhi ya dawa hizo zina sipamethrini, ndugu wa pamethrini iliyomo kwenye dawa nyingi za viroboto vya mbwa. Ng'ombe na mbwa huivunja na kuitoa mwilini bila shida kubwa. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kazi hiyo, kwa hiyo sumu inakaa mwilini na kuvuruga neva: udenda unamtoka, masikio na misuli vinatetemeka, kisha degedege. Na paka unamjua, lazima ajilambe. Ulichompaka mgongoni kinaishia tumboni. (Amitrazi, dawa nyingine ya kupe, nayo haimfai.)

Ameshapakwa? Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mfunike taulo asipate baridi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akiwa tayari ana degedege, kuoga kusubiri, mpeleke kwanza.

Kwa viroboto vya kawaida, chanuo lenye meno ya karibukaribu linatosha kuanzia. Mchane, lichovye kwenye maji ya sabuni, rudia. Matandiko yake yafuliwe pia. Ukienda duka la dawa za mifugo, soma lebo: iseme paka, na uzito wake. Ya mbwa hapana, hata ukiigawa nusu.