Kabla ya Kumpakia Mbwa Garini: Safari ya Kambi Katika Hifadhi ya Serengeti

Msafiri anayetoka Tarime, Sirari au Mugumu kwenda kulala kambini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti haruhusiwi kuingia na mbwa. Katazo hili linahusu hifadhi zote zilizo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na halitofautishi mbwa mkubwa wa ulinzi na yule mdogo wa kupakatwa, wala aliyechanjwa na asiyechanjwa. Kwa hiyo swali linalobaki kwa mwenye mbwa si kama atampeleka, bali ni namna ya kupanga safari yake ili asirudishwe langoni akiwa amekwisha kulipia gari, chakula na kambi, na ili mnyama wake asidhurike.

Wapo wanaoliona katazo hili kuwa la ukali usio na sababu. Sababu ipo, na ilionekana wazi mwaka 1994. Katika mwaka huo simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa degedege na kufa. Uchunguzi ulibaini kuwa chanzo kilikuwa virusi vya distempa, ugonjwa unaojulikana sana kwa mbwa wa kufugwa. Takriban theluthi moja ya simba wote wa Serengeti walikufa, idadi inayokadiriwa kuwa 1,000, na ugonjwa ukavuka mpaka hadi Maasai Mara. Fisi, chui na bweha masikio nao waliugua. Baadaye wataalamu walieleza kuwa ukame wa mwaka 1993 ulichangia: nyati waliodhoofika walijaa kupe, simba wakala nyati hao, na vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe vikaungana na virusi kuwaua. Hata hivyo mbwa wa vijijini walitajwa tangu mwanzo kuwa chimbuko la virusi hivyo.

Mbwa mwitu walipata pigo la namna hiyo mapema zaidi. Kufikia mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa katika mbuga za Serengeti yalikuwa yametoweka, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa kuwa miongoni mwa maradhi yaliyowaandama. Mwaka 2012 ilianza kazi ya kuwarejesha hifadhini kwa kuwahamisha kutoka eneo la Loliondo. Ni kazi ya gharama kubwa, na mbwa mmoja mgonjwa anaweza kuirudisha nyuma.

Hoja inayosikika mara nyingi langoni ni hii: mbwa wangu amechanjwa, na cheti ninacho. Cheti hicho ni jambo jema, lakini aghalabu ni cha chanjo ya kichaa peke yake. Chanjo hiyo haimkingi mbwa dhidi ya distempa, ambayo ina chanjo yake nyingine na ni mbwa wachache katika wilaya zetu wanaoipata. Aidha, chanjo haiondoi minyoo wala kupe. Hoja ya pili ina uzito zaidi: mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanaishi hatua chache tu kutoka vigingi vya mpaka, sasa mbwa wa mgeni mmoja ataongeza nini? Ni kweli wanaishi karibu, na ndiyo maana tangu miaka ya 1990, na kwa upana zaidi tangu mwaka 2003, mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa kwa kampeni. Katika Wilaya ya Serengeti kampeni hizo zilipunguza hata idadi ya watu waliofika vituo vya afya kwa kung'atwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa. Kinga iliyojengwa kijiji kwa kijiji haiwezi kumlinda simba dhidi ya mbwa anayeshushwa kwenye gari katikati ya hifadhi.

Ipo pia hatari kwa mbwa mwenyewe. Kambi nyingi za Serengeti hazina uzio. Usiku fisi hupita katikati ya mahema, na simba hunguruma karibu. Chui anajulikana kwa kupenda nyama ya mbwa, na mbwa aliyefungwa kamba nje ya hema hana pa kukimbilia. Akibweka huvuta macho ya wanyama kuelekea mahali watoto walipolala. Akikatika kamba, mwenyewe atashawishika kumfuata gizani. Katika pori la magharibi kuna mbung'o wenye vimelea vya nagana, ugonjwa unaoweza kumuua mbwa wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena safari.

Wakazi wa Mara wanapaswa kuzingatia jambo jingine linalosahauliwa: barabara. Njia fupi ya kwenda Arusha hupita ndani ya hifadhi, kwa kuingilia lango la Ikoma au la Ndabaka. Kupita tu ni kuingia. Familia inayohamia Arusha na mbwa wake haiwezi kutumia njia hiyo kwa kueleza kwamba haitasimama njiani. Itabidi izunguke kwa Mwanza, Shinyanga, Singida na Babati, safari ndefu zaidi inayohitaji mapumziko na maji ya mbwa. Njia ya kupitia Kenya kutoka Sirari hadi Namanga haimwondolei msafiri usumbufu, kwa kuwa kumvusha mbwa mpakani kunahitaji vibali vya mifugo vya nchi zote mbili, cheti cha afya na cha chanjo ya kichaa. Vibali hivyo hutafutwa kabla ya safari. Dirishani Sirari umechelewa.

Baadhi ya wasafiri huuliza kuhusu maeneo yaliyo nje ya hifadhi ya taifa. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yana ulinzi wake, na mbwa anayeonekana humo huchukuliwa kwanza kuwa wa mwindaji, kwa kuwa kuwinda kwa mbwa ni desturi ya zamani katika nchi hii na sheria ya wanyamapori inaikataza. Mgeni asishangae akihojiwa. Katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambayo ni ardhi ya vijiji, uliza uongozi wa jumuiya na mwenye kambi kabla ya kwenda, ukikumbuka kuwa wanyama wa hifadhini hufika huko pia. Katika Ngorongoro utawaona wafugaji na mbwa wao, kwa sababu wanaishi humo. Hilo si ruhusa kwa mtalii. Anayetaka kweli kupiga hema akiwa na mbwa wake atafute mahali mbali na mapori, kwa mfano ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Musoma, kwa idhini ya mwenye eneo.

Kwa wengi, uamuzi wa busara ni kumwacha mbwa nyumbani. Hapa Mara hilo lina faida ambayo haihitaji kuelezwa kwa mtu mwenye ng'ombe zizini: boma lisiloachiwa mbwa ni mwaliko. Mwachie mbwa mtu anayemfahamu, si kijana aliyeajiriwa asubuhi ya safari. Mtu huyo aachiwe chakula cha siku zote pamoja na akiba ya siku mbili, namba ya simu ya afisa mifugo wa kata, na kadi ya chanjo. Mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Asiyewahi kuchanjwa apelekwe walau mwezi mmoja kabla ya safari, kwa sababu kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka. Akimng'ata mtu wakati haupo, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na majeruhi afike kituo cha afya siku hiyohiyo. Asisubiri kuona kama mbwa ataugua. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kuhusu watoa huduma: kampuni ya utalii inatakiwa kuwa na leseni, na mteja ana haki ya kuiona. Ukiambiwa, "Mlete tu mbwa, tutaongea na askari getini," elewa kwamba unaombwa kushiriki rushwa na kubeba hasara peke yako mambo yakiharibika. Uliza kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kama wanyama wa nyumbani wanaruhusiwa na nini kitatokea kwa fedha zako ukizuiwa, na uhifadhi jibu pamoja na stakabadhi. Kumdanganya mteja kuhusu huduma ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani.

Ikitokea umefika langoni na mbwa yumo garini, mtaje mwenyewe kwa askari. Usimfiche kwenye buti. Joto la mchana linaweza kumuua kabla hamjafika kambini. Usimfungue na kumwacha karibu na lango kwa matumaini ya kumchukua mkirudi. Mmoja wenu arudi naye Mugumu au Tarime mjini, na wengine waendelee na safari.