Sanamaki: Dawa ya Sunna na Mtoto wa Miaka Minne

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Amma ba'ad. Tumepokea swali kutoka kwa dada yetu mzaliwa wa Pemba anayeishi na mumewe Kirumba, wilaya ya Ilemela, mkoani Mwanza. Mtoto wao wa miaka minne alikaa siku tatu bila kupata choo. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akamletea paketi ya majani ya sanamaki iliyonunuliwa kwa muuza dawa za Sunna, akamwambia ayachemshe na kumnywesha mtoto kikombe kimoja, na ikiwa saa mbili zitapita bila matokeo basi amwongeze. Mama akamwongeza. Usiku ule mtoto aliharisha mpaka akalegea, akapelekwa hospitali, akatundikiwa dripu. Alhamdulillah amepona. Sasa mama anauliza: ikiwa Mtume ameisifu sanamaki kuwa ni shifaa, vipi imemdhuru mwanawe? Na je, hiyo ni dalili ya upungufu wa imani yake?

Tumeona tulijibu swali hili kwa urefu kidogo, kwani paketi hizo hizo zinauzwa Darajani na Chake Chake, na wengi wetu tunazo kabatini.

Kuhusu imani, hapana. Dawa nzuri iliyotolewa kwa kipimo kisichofaa, kwa mtu asiyefaa kupewa, hudhuru mwili wa muumini kama inavyodhuru mwili wa mwingine. Hadithi yenyewe inatufundisha hivyo, tukiisoma yote.

Imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alihimiza sana na sannut, na akaeleza kuwa ndani yake mna shifaa ya maradhi isipokuwa mauti. Hadithi nyingine, waliyoipokea Tirmidhi na Ibn Majah, inamhusu Bibi Asmaa bint Umays (Radhiya Allahu 'anha). Mtume alimuuliza anatumia nini kulainisha tumbo. Akajibu kuwa anatumia shubrum. Mtume akamwonyesha kuwa hiyo ni kali mno. Ndipo akahamia kwenye sana, na Mtume akaisifu. Wanazuoni wameizungumza isnadi ya hadithi hii ya pili, na Tirmidhi mwenyewe ameiita gharib, lakini maana yake inakubaliana na yale waliyoyajua matabibu.

Basi tazama mafunzo yaliyomo. Bibi Asmaa alikuwa mtu mzima. Aliulizwa kwanza anatumia nini. Akaondolewa kwenye dawa kali na kuelekezwa kwenye iliyo nyepesi. Shubrum, kama anavyoeleza Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad, ni katika mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na matabibu waliusia iachwe kwa hatari yake na kwa wingi wa kuharisha unaotokana nayo. Sana ilisifiwa kwa kuwa ni salama zaidi kuliko hiyo. Kutoka hapo mpaka kusema kuwa haina madhara kwa kipimo chochote na kwa umri wowote, ni safari ndefu ambayo hadithi haikuisafiri.

Mmea wenyewe ni kichaka cha jangwani, aghalabu hakifiki kimo cha mtu. Huota Hijazi, Yemen, Sudan, Misri ya juu na Somalia, katika ardhi ya mchanga na mawe yenye mvua chache. Maua yake ni ya manjano, maganda yake ni bapa na membamba kama karatasi. Ni katika ukoo wa kunde. Wataalamu wa mimea wanauita Senna alexandrina, kwa jina la bandari ya Alexandria ulikopitia kwenda Ulaya. Neno "maki" tulilonalo sisi ni la Makka. Siku hizi sehemu kubwa ya majani yanayouzwa hulimwa India, upande wa Tamil Nadu, na mengine Sudan. Kwa hiyo anayekuuzia kwa bei ya juu kwa kudai kuwa yamechumwa Makka, muulize vizuri.

Ndani ya majani na maganda mna kemikali ziitwazo senosidi, na namna zinavyofanya kazi ndiyo ufunguo wa kisa cha mtoto huyu. Senosidi zimefungamana na sukari. Zikiwa hivyo hazifanyi kazi yoyote: hupita tumboni na katika utumbo mwembamba zikiwa zimelala. Zikifika katika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huikata ile sukari, na hapo ndipo inapotokea kemikali inayousukuma utumbo ujikaze na kuuzuia usinyonye maji. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Ndiyo maana dawa hii hunywewa usiku wakati wa kulala ili choo kije asubuhi.

Sasa fikiri. Mtu anakunywa kikombe, saa mbili zinapita hajaona kitu, anadhani dawa ni dhaifu, anaongeza. Kumbe kikombe cha kwanza bado kiko njiani. Vikombe vyote viwili vinafika utumbo mpana karibu kwa pamoja, katikati ya usiku, wakati watu wamelala. Kwa mtu mzima itakuwa ni msokoto mkali wa tumbo na kuharisha. Kwa mtoto mwenye mwili mdogo, maji yanayotoka kwa saa chache yanaweza kumfikisha pabaya. Macho kubonyea, mdomo kukauka, kulia bila machozi, kukosa mkojo, kulegea: ukiziona dalili hizi mpe maji ya ORS kidogo kidogo huku ukielekea hospitali, usingoje kupambazuke.

Kuna jambo jingine ambalo mama wengi hawalijui. Mtoto wa nepi aliyepewa sanamaki anaweza kupata malengelenge makalioni, kwa sababu choo chenye dawa hiyo kikikaa na ngozi huichoma. Na mkojo wa anayeitumia waweza kugeuka rangi ukawa wa manjano iliyoiva au mwekundu. Hiyo mara nyingi ni rangi ya dawa, lakini mwenye shaka kuwa ni damu apimwe.

Hatusemi haya ili kuivunjia heshima. Sanamaki imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na madaktari huwaandikia wagonjwa vidonge vyake. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa, ama majani katika paketi hujui lipi lina nguvu na lipi halina. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuitumia kwa siku chache kwa kiasi kidogo. Mamlaka ya dawa ya Ulaya haipendekezi itumiwe na watoto walio chini ya miaka 12 wala wajawazito, na inataka matumizi yasizidi wiki moja au mbili. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana, au tumbo lililofunga kabisa na kujaa huku anatapika, asiiguse: huenda utumbo umeziba, na kuusukuma utumbo ulioziba ni hatari kubwa.

Wazee wetu wenye maradhi ya moyo na presha wawe waangalifu zaidi. Kuharisha kunatoa madini ya potasiamu mwilini, na potasiamu ikipungua mapigo ya moyo huvurugika. Anayetumia digoksini au vidonge vya kukojoza yuko katika hatari maradufu, maana vidonge vingi vya kukojoza navyo huitoa potasiamu hiyo hiyo.

Na mabinti wanaokunywa chai ya sanamaki ili wapungue kabla ya harusi, wajue kuwa chakula kimekwisha kunyonywa katika utumbo mwembamba kabla dawa haijaanza kazi. Kinachopungua katika mizani ni maji, na yatarudi.

Turudi Ilemela, kwa sababu huko kuna mtego mwingine. Mimea ya jamii ya sana ni mingi katika nchi zetu. Mjohoro unaopandwa kwa kivuli ni ndugu yake. Mwingajini, unaojiotea majalalani na kando ya njia bara na visiwani, ni ndugu yake pia, na maua yake ni ya manjano vilevile. Kule India kaskazini watoto waliokula mbegu za mwingajini walipatwa na ugonjwa wa ghafla wa ini, misuli na ubongo, na wengi walifariki. Asije mtu akachuma uani akasema "hii nayo ni sanamaki". Majani ya sana yana alama moja: pale chini yanapoungana na kikonyo, pande mbili za jani hazilingani. Lakini yakishasagwa kuwa unga, alama hiyo imepotea. Ndiyo maana tunawanasihi watu wasinunue unga.

Na ile shubrum? Jamii yake wako nao ugenini huko wanamoishi. Mnyaa, ambao Wasukuma wengi huupanda kuwa ua wa nyumba, ni wa ukoo wa mimea hiyo ya utomvu mweupe, na kuna watu wanaounywa kama dawa ya kuharisha na ya maradhi mengine. Utomvu wake huchoma ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kumpofua mtu kwa siku kadhaa: osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha uende hospitali. Tena wataalamu wamegundua ndani yake kemikali zinazoamsha kirusi cha Epstein-Barr, ambacho kinahusishwa na saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto na ambayo imeenea katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Haijathibitishwa kuwa mnyaa ndio sababu ya saratani hiyo, ila kwa mzazi mwenye akili hilo linatosha kuwakataza watoto kuchezea utomvu wake.

Upande wa fiqhi. Imepokewa na Abu Dawud na wengineo kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mwenye dhamana ya madhara yatakayotokea. Muuzaji aliyebandika neno "Sunna" katika paketi bila kuandika kipimo wala umri, amhofu Allah. Neno hilo si ijaza ya utabibu. Sheria ya nchi nayo, ile ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inamtaka mtoa tiba awe amesajiliwa na Baraza, na Zanzibar ina baraza lake. Jirani alikusudia kheri, na dada yetu ni mama aliyehangaikia mwanawe; hatuoni kuwa ana dhambi katika aliloghafilika, ila asilirudie baada ya kujua.

Mtoto akifunga choo tena, aanze na maji ya kutosha, papai bivu, mboga za majani na kunde, na apunguziwe maziwa ya ng'ombe ikiwa anakunywa mengi. Asipopata nafuu, daktari ampe dawa ya umri wake.

Mwisho dada ameuliza kama ni makosa kuyatupa majani yaliyobaki, kwa kuwa yametajwa katika hadithi. Si makosa. Ni majani ya dawa, hayana hukumu ya msahafu. Paketi iliyokaa wazi karibu na ziwa itakuwa imeshaingiwa na unyevu. Ayatupe mahali ambapo watoto hawafiki, na asimpe mtu mwingine bila ya kumsimulia yaliyompata mwanawe.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.