Fundi anayeanza kwa kuharibu picha

Kijana aliingia akiwa ameikumbatia kompyuta yake, akaitua mezani, akauliza: "Kaka, kadi ya RX 580 unauza bei gani?" Salamu ilifuata baadaye.

Fundi hakutaja bei. Alichomeka nyaya, akaiwasha mashine, akamwambia afungue gemu analolicheza zaidi. Likawa GTA V, lililoingia kwenye kompyuta Aprili 2015 na ambalo mitaani kwetu bado halijachuja. Akamtaka aendeshe gari mpaka chini ya daraja moja lenye msongamano na asimame hapo. Kisha yeye akaingia kwenye mipangilio ya gemu na kuanza kuiharibu picha. Vivuli akavififisha. Maji yaliyokuwa yakimetameta akayafanya bapa kama sahani ya bati. Mwisho akaiteremsha picha yenyewe kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, jiji zima likaingia ukungu. Kijana akaguna.

"Usiangalie picha, dogo. Angalia namba."

Mimi nilikuwa pale kwa shida nyingine kabisa, bawaba ya laptop iliyovunjika. Ni chumba cha ghorofa ya kwanza, nyuma ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Ngazi zake nyembamba kiasi kwamba anayepanda na skrini humsubiri anayeshuka na keisi. Bawaba ilishafungwa na hela nilishalipa, ila sikuweza kuondoka. Nimeona mafundi wengi wanaoanza kazi kwa kuchomoa bisibisi. Sikuwahi kumwona anayeanza kwa kumchafulia mteja kitu kilekile alichokuja kukitafuta, yaani picha nzuri.

Namba aliyoizungumzia ilikuwa kwenye kona ya juu ya skrini: fremu kwa sekunde. Kabla hajagusa chochote ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya 45 na 50. Baada ya uharibifu wote ule ilisoma 47, ikaruka 51, ikarudi 48.

"Umeona? Nimeitua kadi zaidi ya nusu ya mzigo wake na mwendo ni uleule. Kwa hiyo kadi haikuwa imechoka. Ilikuwa inasubiri kuletewa kazi. Sasa wewe unataka kuniletea kadi kubwa zaidi, ije isubiri vizuri zaidi?"

Ukimwomba afafanue, anafafanua bila haraka. Ndani ya kompyuta ya gemu kuna wawili wanaopokezana. Prosesa ndiyo inayoamua gari liko wapi, mpita njia anakimbilia upande gani, risasi imempata nani. Ikimaliza, inaikabidhi kadi ya grafiki maagizo ya kuchora. Ukubwa wa picha ni mzigo wa kadi. Prosesa haijali kama utachorewa skrini ya ukutani au ya simu. Ndiyo maana ukiipunguza picha na fremu zikapaa, tuseme kutoka 48 hadi 80, unajua kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, na kuinunulia mbadala ni haki. Fremu zisipotikisika, tatizo liko upande wa pili, kwenye prosesa au kwenye ramu inayoilisha.

Ana masharti yake katika kipimo hiki. Kufuli linalozifunga fremu zisivuke 60 lazima lifunguliwe kwanza, la sivyo utalaumu prosesa kwa kosa la kufuli. Na mahali lazima pawe palepale: daraja lilelile, saa ileile ya ndani ya gemu, gari lilelile. "Gemu halipimwi kwa kuzurura," alisema. "Ukipima jangwani ukarudia mjini, umepima jangwa na mji, hujapima kompyuta." Kijana alipotaka kuzungusha gari aonyeshe mahali panapokwama zaidi, mkono wake uliondolewa kwenye kibodi kwa upole.

Kipimo chote kilichukua muda mfupi kuliko kahawa kupoa, hakikuhitaji kifaa chochote, na yeyote mwenye kompyuta ya gemu anaweza kukifanya usiku wa leo. Hicho ndicho kilichonikaa moyoni. Chini kule barabarani kadi zinauzwa kutwa, na sikumwona muuzaji hata mmoja akimwuliza mnunuzi ataichomeka kwenye mashine gani.

Mashine yenyewe inafahamika na kila anayejua soko la kompyuta za mtumba: Dell OptiPlex 9020 ya mnara, prosesa Core i5-4590, kizazi cha nne cha Intel. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, zikafanya kazi ya ofisi huko ughaibuni, kisha zikashuka bandarini kwa wingi. Ukiipachika kadi ndogo, kwa kijana huyu GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, inageuka kompyuta ya gemu. Vijana wengi wa Dar wameingia kwenye gemu za kompyuta kwa mlango huu, na sioni cha kuwacheka.

Baada ya kipimo ndipo bisibisi ikatoka. Vumbi lilikuwa la kijivu na lenye unyevunyevu, vumbi la mji wa pwani, limeganda kwenye mapezi ya kipoza joto. Prosesa ya aina hii ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na mwenye nayo huona gemu tu linakuwa zito. Alilipuliza kwa blowa, akakwangua pesti iliyokauka hadi kuwa unga, akapaka mpya. Ndipo akaonyesha alichokuwa akikihisi tangu mwanzo: kati ya nafasi nne za ramu, moja tu ilikuwa na kijiti, cha GB 8.

"Hii bodi ina njia mbili za kwenda kwenye ramu. Wewe umeifungulia moja. Prosesa ina njaa, na chakula kinapita mlango mmoja."

Akavuta droo, akatoa kijiti cha pili cha DDR3 cha kasi ileile, akakichomeka katika nafasi ya njia ya pili. Daraja lilelile, gari lilelile, picha ikiwa imerudishiwa uzuri wake wote: fremu 55, mara 57, na ule mkwamo wa kila baada ya sekunde kadhaa haukuonekana tena. Kijana alikaa kimya. Ni wazi alikuja na ndoto ya kadi, na sasa alikuwa anatazama kipande cha plastiki ya kijani chenye urefu wa kidole.

"Lakini RX 580 ni kali kuliko hii yangu," alisema hatimaye.

"Ni kali. Nani amebisha?"

Hapo fundi akaigeuza keisi, akamwonyesha kibandiko cha pawa saplai: wati 290. Akamwonyesha pia kinachochomekwa kwenye mazabodi, pini 8 za Dell yenyewe badala ya pini 24 za kawaida, kwa hiyo huwezi kuchukua pawa saplai yoyote ya dukani ukaipachika bila waya wa kubadilishia. GTX 1050 Ti ya kawaida haihitaji waya wake wa umeme kwa sababu inaishi na wati 75, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kupitia nafasi ya kadi kwenye mazabodi. RX 580 inatajwa kula wati 185 na inataka waya wake mnene. Pawa saplai hii haina waya huo.

"Watakuuzia adapta. Inachukua umeme kwenye waya wa diski, inaupeleka kwenye kadi. Waya wa diski ule, ukiusoma kwenye vipimo, upande wa volti 12 unabeba wati 54. Wewe unauvutia zaidi ya 100. Siku ya kwanza itawaka, utanipigia unicheke. Nimeshapokea hapa plagi zilizoyeyuka hadi pini zimeshikana. Na umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, unadhani utakuwa na huruma?"

Pawa saplai ndiyo kifaa ambacho hakuna mteja anayekiulizia, aliniambia. Haina taa za rangi, haiongezi fremu hata moja, hakuna anayejisifia nayo kwa wenzake. Lakini swali la kama kompyuta kuukuu inafaa kuboreshwa mara nyingi linaishia hapo, kwenye kibandiko cha nyuma.

Nilimwuliza kuhusu kadi za mtumba zenyewe, maana tangazo alilokuwa nalo kijana lilionyesha bei ya kutia tamaa. Akacheka. Septemba 15, 2022 mtandao wa Ethereum ulibadili mfumo wake, na kazi ya kuchimba sarafu hiyo kwa kadi za grafiki ikafa siku hiyo. Kadi zilizokuwa zikikesha kwenye maghala zikamwagwa sokoni duniani kote, RX 580 zikiwemo. Yeye hazikatai. Feni hubadilishwa, pesti hupakwa. Anachoogopa ni programu ya ndani ya kadi iliyochokonolewa na wachimbaji ili ramu yake ikimbie zaidi, na anachokichukia ni majina ya uongo. Ipo RX 580 yenye viini 2048 badala ya 2304, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China, na muuzaji hakuambii. Zipo pia kadi za kizazi cha kale zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hukamata nyingi kati ya hizo. "Muuzaji akikataa usiiwashe dukani kwake, amekujibu."

Basi, kijana akauliza swali ambalo naamini wengi wanalo: mashine hii iongezewe nini zaidi, au iachwe?

Hapa sauti ya fundi ilibadilika kidogo, ikawa ya mtu anayepiga hesabu. Diski ya kuzunguka itolewe, iwekwe SSD. Hilo halina mjadala, na ukihama utahama nayo. Prosesa inaweza kupanda hadi Core i7-4790, inayoingia kwenye soketi hiyohiyo na kushughulikia kazi nane kwa mpigo badala ya nne. Baada ya hapo ngazi imekwisha. Aliilinganisha kwa uchungu na soketi ya AM4 ya AMD: aliyenunua bodi nzuri ya AM4 mwaka 2017, kwa kuisasisha tu programu yake ya msingi, aliweza baadaye kuipachika Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. "Intel hawakutupa nafasi hiyo. Hii bodi imezaliwa na kikomo chake."

Ushauri wake wa zamani kwa vijana ulikuwa wasimwage hela kwenye DDR3, wabane matumizi na wahamie AM4 na DDR4. Siku hizi anausema kwa kusitasita. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 ramu imepanda bei vibaya kwa sababu viwanda vinakimbilia vituo vya data vya akili mnemba, na Desemba ya mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na chapa yake ya Crucial, iliyokuwa ikiuzwa kwa watu wa kawaida. Subira italeta nafuu au bei kubwa zaidi? Hajui. Nilipenda kwamba alisema hajui mbele ya mteja.

Nikamwuliza na yeye anaishije kwa kuwakatalia watu kadi. Kile kipimo hakitozi. Aliwahi kujaribu kukitoza, watu wakawa wanashuka ngazi. "Wanalipia kitu wanachokibeba. Kuambiwa usinunue hakubebeki." Siku hiyo alikuwa ameuza kijiti kimoja cha ramu ya mtumba na pesti. Sikuona haya kufikiri kwamba muuzaji wa adapta kule chini alikuwa na siku nzuri zaidi.

Jambo la mwisho kijana alilitoa akiwa ameshaikumbatia kompyuta yake. Windows 10 yake imekoma kuhudumiwa rasmi tangu Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanza kuzikubali kizazi cha nane. Kizazi cha nne kiko nje kabisa. Rafiki yake alimwambia kuna njia ya kuisakinisha kwa mlango wa nyuma.

"Njia ipo, naijua," fundi alisema. "Valorant unacheza?"

"Ndiyo, na washkaji, kila wikiendi."

"Basi sikufanyii. Valorant kwenye Windows 11 inaitafuta hiyo TPM 2.0. Isipoiona inakukatalia. Kwenye Windows 10 bado inakukubali."

"Kwa hiyo nikihamia mpya nakosa gemu, nikibaki kwenye ya zamani nakosa ulinzi?"

"Kwa sasa baki. Jiandikishe ule mwaka wa nyongeza wa marekebisho ya usalama, Microsoft wameufikisha Oktoba 13, 2026. Mambo ya benki fanyia kwenye simu."

"Na baada ya Oktoba?"

Fundi alimwangalia, akaiangalia mashine ambayo dakika chache nyuma ilikuwa ikitoa fremu 57 bila shida. "Njoo Septemba tupime tena," alisema. "Na adapta usinunue."