Askari akiwa mbali, afya ya nyumba nayo ilindwe

Mji wa Kitengela umekua haraka kuliko miji mingi ya Kenya. Eneo la viwanda vya EPZ lilianzishwa Athi River mwaka wa 1990, watu wakafuata kazi, na mashamba ya malisho ya Wamaasai yakaendelea kukatwa ploti. Leo barabara ya Namanga, kutoka Athi River hadi Isinya na kuendelea Kajiado mjini, imepakana na nyumba za watu wa kila kabila na kila kazi. Miongoni mwao zimo familia za askari. Wengine hujenga kidogo kidogo kwa mshahara na marupurupu ya kazi za nje, chumba kimoja mwaka huu, paa mwaka ujao. Mwenye nyumba mwenyewe anaweza kuikuta imefika lenta wakati aliiacha ikiwa msingi tu.

Kazi za nje si jambo geni kwa jeshi letu. Wanajeshi wa Kenya walikwenda Namibia mwaka wa 1989, na baadaye Sierra Leone na Sudan Kusini. Mnamo Oktoba 2011 waliingia Somalia, na mwaka uliofuata wakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika nchini humo. Wengine walikuwa mashariki mwa Kongo kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023. Kila safari ya namna hiyo huchukua miezi mingi, na pengine mwaka mzima.

Magazeti huandika juu ya yule aliyekwenda. Ukurasa huu leo unamtazama aliyebaki: mama, na siku hizi baba pia, kwa maana wanawake nao ni wanajeshi. Mwaka wa 2018 Fatuma Ahmed alipandishwa cheo na kuwa mwanamke wa kwanza nchini kufikia umeja-jenerali. Mwanamke akienda zamu ya mbali, baba ndiye anayesuka nywele za mtoto na kuhudhuria mikutano ya shule, na ushauri ulio hapa chini unamhusu vilevile.

MWILI WA ALIYEBAKI

Mwaka wa 2010 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya wake wa wanajeshi zaidi ya 250,000. Ilionekana kwamba wale ambao waume wao walipelekwa vitani waligunduliwa kuwa na huzuni ya kudumu, ukosefu wa usingizi na wasiwasi zaidi ya wale ambao waume wao walibaki nyumbani. Tena, kadiri safari ilivyokuwa ndefu ndivyo matatizo yalivyozidi.

Maisha ya Marekani si maisha ya Kitengela, lakini mwili wa binadamu ni ule ule. Mtu anayeishi na hofu kwa muda mrefu hulala juu juu. Huamka saa tisa za usiku akasikiliza mbwa wakibweka. Asiyelala vizuri hukosa subira mchana, hupandwa na hasira kwa jambo dogo, hupata maumivu ya kichwa na ya mgongo, na aliye na shinikizo la damu huona vipimo vikipanda. Wengi hupuuza chakula chao wenyewe: watoto wakishakula, mama hunywa chai ya rangi kwa kipande cha mkate, akasema ameshiba.

Ajue kwamba huo si udhaifu wa moyo, na kwamba kujitunza si ubinafsi. Uchunguzi mwingine wa Marekani wa mwaka huo huo, uliochapishwa katika jarida la Pediatrics na kuhusu familia 1,507 zenye watoto wa miaka 11 hadi 17, ulionyesha kwamba hali ya akili ya mzazi aliyebaki ilihusiana sana na jinsi watoto walivyoendelea. Kwa hiyo mama anayelala na kula vizuri anawatibu watoto wake bila ya kuwapa dawa.

WATOTO HUSEMA KWA NJIA ZAO

Mtoto wa chini ya miaka mitatu hajui Somalia iko wapi. Anachojua ni kwamba sauti fulani haipo. Huenda akang'ang'ania nguo ya mama, akakataa kulala peke yake, au akasahau maneno aliyokwisha kuyajua.

Wa miaka minne hadi sita anaweza kurudia kukojoa kitandani. Katika umri huu mtoto huamini kwamba mambo hutokea kwa sababu yake, na anaweza kufikiri kuwa baba aliondoka kwa sababu yeye alikuwa mtundu. Mwambie waziwazi, tena mara nyingi: "Baba amekwenda kazini. Hukufanya kosa lolote." Asipigwe wala kuaibishwa kwa ajili ya godoro lililolowa. Aibu hurefusha tatizo.

Mwanafunzi wa shule ya msingi mara nyingi hulalamika tumbo au kichwa, hasa asubuhi ya Jumatatu. Apelekwe kwanza akapimwe, kwa sababu tumbo linaweza kuwa na minyoo au homa ya matumbo. Akionekana mzima wa mwili, usimwite mwongo. Maumivu yake ni ya kweli ingawa chanzo chake ni mawazo.

Kijana naye hunyamaza, au hugeuka mkali. Hapa ndipo watu wazima hukosea wakidhani wanasaidia. Mjomba au jirani humshika bega mvulana wa miaka kumi na mmoja akamwambia, "Sasa wewe ndiwe mwanamume wa nyumba hii." Mzigo huo ni mkubwa mno kwake. Apewe kazi za umri wake, kama kufunga lango au kulisha kuku, na aachwe aendelee kuwa mtoto.

Kuna pia kauli ya "Ngoja baba yako arudi!" Mama aliyechoka huitumia kama fimbo. Ikirudiwa miezi kumi, mtoto huanza kuogopa siku ambayo wengine wote wanaingoja.

RAHA NDOGO ZINA KAZI KUBWA

Kinachomtuliza mtoto zaidi ni kujua kesho itakuwaje. Mwenye uhakika wa saa ya kula, saa ya kuoga na saa ya kulala hupungukiwa na hofu. Hiyo ndiyo sababu wataalamu wa malezi husisitiza ratiba, na ratiba haigharimu hata senti.

Mle pamoja angalau mara moja kwa siku, runinga ikiwa imezimwa. Si lazima iwe nyama. Githeri, au ugali na sukuma wiki iliyochumwa nyuma ya nyumba, inatosha. Ploti nyingi za Kitengela ni ndogo na udongo wake mweusi hupasuka wakati wa kiangazi, lakini gunia lililojazwa udongo na samadi huweza kuotesha mboga za familia kwa maji yaliyooshea vyombo, mradi hayana sabuni nyingi. Mpe kila mtoto upande wake wa gunia. Mtoto atakula mboga aliyoipanda mwenyewe, na mama atapata nusu saa ya kukaa nje jioni, jua likiwa limepoa.

Jumapili alasiri tembeeni. Eneo hili limepakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi kwa upande wa kusini, na bado kuna mahali ambapo pundamilia huonekana wakila pamoja na ng'ombe, ingawa nyua zimepunguza njia zao. Anayeishi Kajiado mjini anaweza kuwapeleka watoto kutazama reli ya kwenda Magadi. Kutembea kwa nusu saa huleta usingizi, huteremsha shinikizo la damu na huwapa watoto jambo la kumsimulia baba.

Wengi huhesabu siku zilizobaki, na hapo huumia, maana tarehe za kurudi hubadilika. Ni afadhali kuhesabu siku zilizopita. Chukueni chupa tupu, kila jioni mtoto mmoja atie harage moja. Safari ikirefushwa, hakuna ahadi iliyovunjika, ni harage zimeongezeka tu. Siku ya kurudi kwake zipikwe.

Na mama asisahau marafiki. Chama cha akina mama wa mtaa, kwaya au jirani wa kupiga naye soga ukutani ni kinga dhidi ya upweke. Aliyehamia Kitengela kutoka mbali, asiye na shangazi wala dada karibu, ndiye anayehitaji zaidi kubisha mlango wa jirani.

MAJI NA KADI YA MATIBABU

Kuna mambo ya afya ambayo yule aliyeondoka ndiye aliyekuwa akiyashughulikia. La kwanza ni maji. Nyumba nyingi za Kitengela hutegemea visima virefu au malori ya maji, na maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Kajiado yana madini mengi ya floridi. Shirika la Afya Duniani limependekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa kila lita. Yakizidi, meno ya watoto hupata madoa ya rangi ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka, na yakizidi mno kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Muulize mwenye kisima kama maji yake yamepimwa. Mvua inaponyesha, kinga maji ya paa kwenye tangi safi na uyaweke kwa ajili ya kunywa na kupikia wale walio chini ya miaka minane, kwani huo ndio wakati meno ya ukubwani yanapoundwa ndani ya ufizi. Hayo nayo yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa.

La pili ni karatasi. Kabla askari hajaondoka, hakikisheni kwamba watoto wote wameandikishwa katika bima, kwamba vyeti vya kuzaliwa vinajulikana vilipo, na kwamba mama ana kila kinachotakiwa ili kutibiwa katika hospitali za jeshi ambazo familia ina haki ya kuzitumia. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilipoondolewa na SHA kuingia, wapo waliogundua wakiwa mlangoni pa hospitali kwamba mtoto hayumo kwenye orodha. Usiku wa homa si wakati wa kutafuta karatasi.

SIMU NA HABARI MBAYA

Zamani barua ilichukua majuma. Askari wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka wa 1944 waliacha wake ambao walisubiri miezi bila neno. Leo simu hulia, picha huonekana, na mtoto humwona baba akicheka. Hiyo ni neema. Lakini mtandao unaokatika katikati ya maneno huacha hofu, na simu isiyolia kwa siku tatu huonekana kama msiba. Kubalianeni mapema kwamba kimya si habari mbaya. Kazini kuna siku ambazo simu haziruhusiwi.

Mnamo Januari 15, 2016 kambi ya Wakenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa na wanajeshi wengi wakauawa. Familia nyingi zilikaa siku kadhaa bila kujua. Wakati huo huo picha za kutisha zilisambazwa kwenye simu. Familia za askari zilijifunza kwa uchungu kwamba uvumi hufika kabla ya ukweli.

Siku kama hiyo ikija, zima runinga watoto wakiwepo. Usifungue picha unazotumiwa, wala usizipeleke kwa mwingine, huenda ni mume wa mtu. Mwite mtu mmoja unayemwamini aje akae nawe. Wasiliana na kikosi chake, si na kundi la simu. Na mtoto akiuliza, mwambie lile unalolijua: "Kumetokea shambulio. Bado hatujasikia kuhusu baba. Nikisikia nitakuambia." Mtoto aliyefichwa hutunga hadithi mbaya kuliko ile ya kweli.

SIKU YA KURUDI

Watu hudhani mlango ukifunguliwa matatizo yamekwisha. La hasha. Mtoto mchanga anaweza kulia akibebwa na mtu asiyemjua, na baba akaumia moyo. Mama amezoea kuamua mambo ya ada na fundi peke yake. Askari naye anaweza kushtuka bati likigonga, akalala kwa vipande, akakaa kimya mezani. Majuma machache ya namna hiyo ni ya kawaida. Msimlazimishe kusimulia, wala msijaze nyumba wageni siku ya kwanza. Arudishiwe majukumu polepole, na watoto waachwe wamkaribie kwa hiari yao.

Lakini yapo yasiyofaa kungojewa. Ikiwa mtu yeyote nyumbani, aliyerudi au aliyebaki, anakosa usingizi au hamu ya chakula kwa zaidi ya majuma mawili, anakunywa pombe ili alale, anarejewa na ndoto au picha za vita mchana, anawapiga wenzake, au anasema afadhali afe, apelekwe kwa daktari upesi. Hospitali ya Kitengela na ile ya rufaa ya kaunti mjini Kajiado ni mahali pa kuanzia. Simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, haitozwi malipo, na mtoto aliye taabani anaweza kusaidiwa kwa kupiga 116.

Ugonjwa wa mawazo hutibika kama malaria inavyotibika, na kama malaria, hutibika vyema zaidi ukiwahiwa. Hakuna askari aliyepoteza heshima kwa kupimwa homa. Wala asione haya kusema kwamba halali usiku.