Fahamu Molekuli Zinazoandika Taarifa Kwenye Mwanga na Namna Zinavyowezeshwa Kustahimili Joto

Kila inapotangazwa kuwa uwezo wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeongezwa, wananchi wengi hudhani kuwa mitaro mipya imechimbwa na nyaya mpya kulazwa. Wakati mwingine ndivyo ilivyo. Hata hivyo, uwezo unaweza pia kuongezwa huku uzi wa kioo uliomo ardhini ukibaki uleule, kwa kubadilisha mitambo iliyofungwa kwenye ncha zake. Hali ni hiyohiyo kwa mikongo ya baharini inayofika Dar es Salaam, ikiwemo SEACOM iliyoanza kutoa huduma mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Makala haya yanaeleza kifaa kimoja kidogo kilichomo ndani ya mitambo ya aina hiyo, na adui wake mkubwa ambaye sisi wakazi wa ukanda wa joto tunamfahamu vizuri.

Kifaa hicho huitwa modyuleta. Leza hutoa mwanga ulio sawa wakati wote, na mwanga wa namna hiyo haubebi habari yoyote. Kazi ya modyuleta ni kupokea ishara za umeme na kuziandika juu ya mwanga huo. Katika muundo unaotumika sana, mwanga hugawanywa katika njia mbili kisha huunganishwa tena. Umeme ukipitishwa kwenye njia mojawapo, mwanga wa upande huo huchelewa kidogo mno. Mawimbi yakikutana kilele kwa kilele, mwanga hung'aa; yakikutana kilele kwa bonde, huzimika. Mabadiliko hayo, yanayotokea mara mabilioni kwa sekunde, ndiyo yanayobeba malipo ya ankara ya maji na picha ya mjukuu inayotumwa kwa bibi kijijini.

Tabia ya umeme kubadili mwendo wa mwanga ndani ya kitu ilichunguzwa na mwanafizikia wa Ujerumani, Friedrich Pockels, mwaka 1893. Kwa miongo mingi kazi hiyo imefanywa na fuwele ya lithiamu niobeti, ambayo haitishwi na joto. Udhaifu wake ni kwamba huitikia umeme kwa kiasi kidogo, hivyo modyuleta za kawaida za fuwele hiyo hufikia urefu wa sentimeta kadhaa. Katika chipu ya kisasa, hicho ni kiwanja kikubwa.

Ndiyo maana watafiti waligeukia molekuli za kaboni zinazofanana na zile za rangi za kutilia nguo. Kila molekuli ina ncha moja inayotoa elektroni na nyingine inayozipokea. Umeme ukigusa, kinachosogea ni elektroni tu, si atomi nzima, na kwa sababu hiyo mwitikio ni wa haraka mno. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich nchini Uswisi walionesha modyuleta ya aina hii inayofanya kazi hadi gigahezi 500. Kwa nguvu ya mwitikio pia, molekuli bora huizidi lithiamu niobeti zaidi ya mara tatu.

Kasi, basi, haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa nidhamu. Molekuli hizo hufanya kazi pale tu zinapoelekea upande mmoja, mithili ya vijana wa halaiki uwanjani. Zikielekea huku na kule, nguvu ya moja hufuta ya nyingine. Ili kuzipanga, polima inayozibeba hupashwa moto hadi ikaribie kulainika, umeme mkali huwekwa ili uzigeuze, kisha polima hupozwa huku umeme ukiwa bado upo. Nazo si watiifu: kama sumaku mbili, hupenda kulala kichwa kwa mkia na kubatilishana. Mwaka 2000 kundi lililomjumuisha mkemia Larry Dalton wa Marekani lilionesha katika jarida la Science kwamba kubadili umbo la molekuli, ili zisikaribiane mno, hupunguza ukaidi huo.

Hapa ndipo joto linapoingia. Moto uliosaidia kuzipanga ndio huohuo unaoweza kuzivuruga. Kifaa kikikaa kwenye joto kwa muda mrefu, molekuli hulegea moja moja na kurudi zilikokuwa, na ishara hufifia pole pole. Si jambo la kinadharia, kwani vipimo vya sekta ya mawasiliano hudai vifaa vivumilie nyuzijoto 85 za Selsiasi kwa maelfu ya saa.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu nchini Japani, wakiongozwa na Profesa Shiyoshi Yokoyama, walichapisha katika Nature Communications matokeo ya modyuleta iliyounganisha silikoni na polima. Ilipitisha hadi gigabiti 200 kwa sekunde na kudumisha ubora wa ishara hata kwenye nyuzijoto 110. Lengo lao lilikuwa la kiuchumi zaidi kuliko rekodi: kituo cha data ambacho vifaa vyake vinavumilia joto kinaweza kuachwa kiwe na joto zaidi, na hivyo umeme wa viyoyozi ukapungua. Kwa vituo vya data vilivyopo Dar es Salaam, ambako hewa ya nje ni ya joto karibu mwaka mzima, hoja hiyo ina uzito kuliko ilivyo kwa vituo vya Ulaya Kaskazini.

Bado kuna kazi. Mwanga ukiambatana na oksijeni huziharibu molekuli hizi kama jua linavyochujua khanga, hivyo kifaa sharti kizibwe hewa isiingie. Lithiamu niobeti nayo haikulala. Siku hizi hutengenezwa kwa utando mwembamba sana unaopunguza ukubwa wa kifaa na volti kinayohitaji, na kampuni zinazounda mitambo ya mikongo zinazipima teknolojia zote mbili.